Tupigeni Picha Kwanza, Ndipo Mtuambie Tuvumilie

Salamu vijana wenzetu wa Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na kote mnakosoma haya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Salamu pia kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuacha hata neno moja. Tunajua mpo. Leo ninyi ndio tunaowasemesha zaidi.

Kambini maumivu ya tumbo yana majina manne tu: vidonda, amiba, minyoo, taifodi. Dawa zake hata watoto wanazijua kwa rangi. Ukimeza zote na tumbo bado linauma, unapewa jina la tano: mawazo. Eti unafikiria sana nyumbani. Majirani nao wana la sita, kwamba kuna mtu amekulisha sumu, na hapo ndipo familia mbili zinaacha kusalimiana kwenye bomba la maji.

Sisi tunasema lipo jina la saba, nalo halitajwi kwa sababu ugonjwa wenyewe hauonekani kwa macho wala kwa kubonyeza tumbo kitandani. Ni ugonjwa sugu wa kongosho. Tumechoka kuona mtu anatibiwa kitu ambacho hakuna aliyekiona, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu siku ya mwisho anaambiwa amechelewa kuja. Amechelewa wapi? Muda wote alikuwa kwenye foleni yenu.

Kwa wasiolijua: kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo, urefu wake kama sentimita 15 kwa mtu mzima. Lina kazi mbili. Linatengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta, na linatoa insulini inayozuia sukari isipande kwenye damu. Likiumia na kuvimba kwa miaka, nyama yake inageuka kovu. Mfereji wake wa katikati unabanwa hapa, unatanuka pale, na mara nyingi ndani yake yanajengeka mawe ya chokaa. Kovu likishakuwa kovu halirudi kuwa nyama. Ndiyo maana tunapiga kelele juu ya muda.

Mgonjwa wake mnamjua hata kama hamkujua jina. Anaumwa juu ya kitovu, maumivu yanapenya mpaka mgongoni, na akila yanazidi. Anakaa ameinama mbele amekumbatia magoti, maana akilala chali ndiyo mbaya kabisa. Anaanza kuogopa sahani. Anakonda, na kwa kuwa mgao umepunguzwa na wote tumekonda, hakuna anayeshtuka. Choo chake kinakuwa na mafuta, kinaelea, kinanuka kuliko kawaida (choo cha kugawana familia nne hakifichi kitu, jamani). Baadaye inakuja kiu na kuamka usiku kukojoa. Hapo kisukari kimeshaingia.

Kijana mmoja wa kundi letu, ambaye hatumtaji yeye wala kambi yake, alianza kuumwa akiwa na miaka 16. Alipewa dawa za vidonda. Akapewa dozi ya kuua bakteria wa vidonda, mara tatu kwa nyakati tofauti. Kuna siku alipimwa damu, kipimo cha vimeng'enya vya kongosho, kikarudi kizuri, akaambiwa kongosho lake ni zima. Aliulizwa anakunywa pombe chupa ngapi kwa siku. Anaimba kwaya, hajawahi kuonja. Alipoomba dawa kali zaidi ya maumivu, kwenye kitabu chake cha kliniki yakaandikwa maneno mawili ambayo kila mhudumu aliyefuata aliyasoma kabla ya kumtazama usoni: "anatafuta dawa." Miaka mitatu. Mwishowe ukoo ulichanga, pamoja na shangazi mmoja aliye ughaibuni, akapelekwa mjini kupigwa skani ya CT. Mawe meupe yalikuwa yametapakaa kuanzia kichwa cha kongosho hadi mkiani, na mfereji umevimba. Sukari ilipimwa wiki ileile, kwa kidole tu. Ilikuwa juu sana.

Yule aliyesoma kipimo cha damu hakusema uongo, ila alisema nusu. Katika ugonjwa wa ghafla wa kongosho vimeng'enya hupanda kwenye damu na kipimo hukamata. Katika ugonjwa sugu, hasa ulioendelea, mara nyingi hubaki kawaida, kwa sababu nyama ya kuvitoa imeshapungua. Mtu anaweza kuwa na kongosho lililojaa mawe na karatasi ya damu isiyo na kosa. Kwa hiyo "damu yako ni safi" siyo jibu la swali hili. Jibu linatafutwa kwa picha.

Na tuseme picha zenyewe, maana tukidai skani tunatazamwa kama watu waliosikia neno redioni. Tunajua tunachodai.

Ya kwanza ni ultrasaundi. Mashine hii siyo ngeni kambini. Mama zetu na dada zetu wanapimiwa mimba kwayo. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na gharama yake ni ndogo. Kasoro yake kwa kongosho ni kwamba sauti haipenyi hewa, na mbele ya kongosho kuna mfuko wa chakula na utumbo, vyote vina gesi. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa aje bila kula kwa saa kadhaa. Mpimaji anayejua kazi anampa maji anywe ili mfuko ujae na uwe kama dirisha, anamkalisha, anamgeuza ubavu, anabonyeza taratibu kusukuma gesi pembeni. Kwa mtu mwembamba kongosho linaonekana vizuri kuliko kwa mtu mnene, na sisi wembamba tunao mwingi. Ikishikwa na mkono uliofundishwa, inaweza kuonyesha mfereji uliotanuka, mawe, mfuko wa maji uliojijenga pembeni ya kongosho, au njia ya nyongo iliyobanwa. Lakini wangapi kati ya wapimaji wetu wamefundishwa kutazama juu ya kitovu? Wengi wamefundishwa mimba, basi. Mashine ipo, na hela ya kuinunua ilishatoka, kilichokosekana ni mafunzo na mtu wa kusema "hebu panda juu kidogo."

Ultrasaundi isipoonyesha kitu, haimaanishi hakuna kitu. Hilo nalo linasahaulika, na karatasi yenye neno "kawaida" inageuka hukumu.

Ya pili ni eksirei ya tumbo, ile ya kawaida kabisa, na hapa turudi nyuma kidogo kwa sababu kuna historia ambayo inatuhusu sisi watu wa ukanda huu. Katika miaka ya 1950 daktari Zuidema alieleza wagonjwa wa Indonesia, maskini, wenye utapiamlo, ambao makongosho yao yalikuwa na mawe. Mwaka 1960 daktari A. G. Shaper, akifanya kazi Kampala, aliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini, na mwaka 1964 akaandika tena katika British Medical Journal juu ya wagonjwa wa Uganda wenye kongosho lenye kovu na chokaa. Mwaka 1966 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa wa namna hiyo kutoka Kongo. Kule Kerala, India, Geevarghese alikusanya wagonjwa wengi waliopata maumivu wakiwa bado watoto, kisha kisukari wakiwa vijana. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliweka kisukari cha kongosho lenye mawe ndani ya orodha yake ya aina za kisukari, chini ya kile kinachotokana na utapiamlo.

Mnaona mahali tunapoelekea? Wakati Shaper anaandika, skani ya CT ilikuwa haijavumbuliwa. Mtambo wa kwanza ulimpiga mgonjwa picha London mwaka 1971. Mawe yale ya Kampala yalionekana kwa eksirei, usawa wa pingili za kwanza za kiuno, madoa meupe kushoto na kulia ya uti wa mgongo. Zaidi ya miaka 60 imepita. Sisi, wajukuu wa watu wa ukanda uleule, tunaambiwa ugonjwa huu ni wa wazungu wanywao mvinyo na kwamba kuuona kunahitaji mitambo ambayo hatutaifikia.

Hatusemi utapiamlo ndio chanzo. Wataalamu walishajadiliana sana, na wengi wanaona hautoshi peke yake kueleza, maana watu wengi wana njaa na kongosho lao ni zima. Muhogo nao ulishukiwa, kwa sababu ya sumu iliyomo ndani yake usipolowekwa vizuri, lakini ushahidi haukusimama sawasawa. Kuna mambo ya kurithi. Na pombe ni chanzo cha kweli, hatutawadanganya. Wapo vijana wetu wanaokunywa gongo na kanyanga mpaka asubuhi, na sigara inaharakisha uharibifu. Tunachokataa ni kwamba pombe iwe swali la kwanza na la mwisho, na kwamba anayesema hanywi ahesabiwe mwongo.

Eksirei ina udhaifu wake: mawe hutokea ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na wagonjwa wengi hawaonyeshi chochote kwenye picha hiyo. Lakini yakionekana yametapakaa kwenye kongosho lote, mjadala umekwisha. Ni picha moja kwenye mashine ambayo hospitali nyingi za wilaya zinayo tayari kwa ajili ya kifua kikuu na mifupa iliyovunjika. Kwa nini haiombwi?

Skani ya CT ndiyo tunayoipigania hasa. Inakata mwili vipande vipande kwa mionzi na kompyuta, gesi haiizuii, na inaonyesha mawe hata madogo, kongosho lililosinyaa, mfereji, mifuko ya maji, mishipa ya damu iliyoziba. Inasaidia pia kutafuta saratani, ambayo inaweza kufanana na ugonjwa huu na wakati mwingine huota juu yake. Mwongozo wa mwaka 2020 wa madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani unasema uchunguzi uanzie kwenye CT au MRI. Tuseme na ubaya wake: ina mionzi mingi kuliko eksirei, dawa inayochomwa mshipani ili picha itoke vizuri inataka figo ziangaliwe kwanza, na katika hatua za mwanzo kabisa CT inaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Hapo MRI inaona mfereji vizuri zaidi, bila mionzi. Kuna pia ultrasaundi inayoingizwa kwa mpira wa kumeza mpaka karibu kabisa na kongosho. Inaona vitu vidogo sana, ila hata wataalamu hawakubaliani kila mara juu ya walichokiona. Hizo mbili ni za miji mikubwa. Hatuzidai kwa kila mtu. Wala msikubali kuingizwa mpira wa kupiga dawa ndani ya mfereji kwa ajili ya kutafuta jina la ugonjwa tu, maana huo wenyewe unaweza kuwasha kongosho. Siku hizi unatumika kutibu.

Sasa tuje kwenye kamati.

Wote tunajua rufaa inavyokwenda. Kituo cha kambi kinaandika fomu, fomu inakwenda kwenye kamati, kamati inakaa, jina linatoka au halitoki. Likitoka, kwa baadhi ya nchi bado kuna kibali cha kutoka kambini, na gari, na siku ya gari. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 kuhusu rufaa za wakimbizi unataka kamati ipime mambo mawili makubwa: matumaini ya mgonjwa kupata nafuu, na gharama. Kwenye karatasi hatuna ugomvi. Fedha zina mwisho, mtu lazima achague, na mama anayevuja damu akijifungua apite mbele yetu sote.

Ugomvi wetu uko hapa. Kamati inauliza: ana ugonjwa gani, na akitibiwa atapata nafuu? Mganga wa kambi anajibu: sijui, ana maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Kamati inasema: maumivu ya tumbo siyo dharura, arudi kituoni. Ili ajulikane ana nini anahitaji picha. Ili apate picha anahitaji kamati. Ili kamati ikubali lazima ajulikane ana nini. Tumezunguka mti uleule mpaka tumekanyaga njia. Picha ya kutambua ugonjwa imewekwa kwenye fungu moja na upasuaji wa moyo, kana kwamba nayo ni tiba ya anasa, wakati ni swali ambalo bila kuulizwa kamati haina kitu cha kupima. Mnapima matumaini ya ugonjwa usio na jina kwa kipimo gani?

Na ugonjwa sugu kila siku unashindwa mbele ya dharura. Mwezi huu kuna ajali, mwezi ujao kuna kipindupindu, mwezi mwingine bajeti imekatwa kama ilivyokatwa 2025. Hakuna mwezi ambao ni zamu ya mtu anayeumwa polepole.

Tunajua mtajibu nini, maana mmetujibu ana kwa ana. Mnasema bei ya CT moja inanunua dozi nyingi za malaria. Kweli, inanunua. Lakini upande wa pili wa daftari nani anauhesabu? Vidonge vya vidonda kila mwezi kwa miaka, vipimo vya taifodi vinavyorudiwa, dripu, kulazwa siku nne kila maumivu yanapozidi, na mwisho kulazwa kwa sukari iliyopanda mpaka mtu hajitambui. Yote hayo yanatoka kwenye fungu lilelile. Kwa sababu yanatoka kidogo kidogo, hayahitaji kamati, basi hayaonekani.

Mnasema tena, na hili ndilo linalotuuma zaidi: picha bila tiba ina faida gani? Ugonjwa wenyewe hauponi, kwa nini tumsafirishe mtu akasikie habari mbaya? Yaani mkimbizi akipata ugonjwa usiopona, basi hata jina lake asilijue. Jueni picha inabadilisha nini. Dawa za vidonda zinasimama. Sukari inapimwa mapema, na ikiwa juu inajulikana kwamba huyu kongosho lake haliwezi tena, huenda atahitaji insulini, na aangaliwe kwa makini kwa sababu sukari yake hushuka ghafla pia. Maumivu yanatibiwa kama maumivu, na yale maneno mawili yanafutwa kwenye kitabu cha kliniki. Anayekunywa anaacha akiwa na sababu mbele ya macho yake. Mgao unaweza kupangwa upya: milo midogo, mara nyingi, vimeng'enya vya vidonge vikipatikana. Na mfereji ukiwa umetanuka kwa kuziba, kuna upasuaji wa kuufungua na kuuunganisha na utumbo, ambao madaktari wameufanya tangu miaka ya 1950 na ambao kwa wengi unapunguza maumivu. Nani anafaa kupasuliwa na nani hafai? Picha ndiyo inaamua. Halafu kuna mzee wa jirani aliyekuwa hasalimiwi kwa sababu ya sumu. Na yeye anapona, kwa namna yake.

Kuna wanaosema kila mwenye tumbo atadai CT. Hapana. Maumivu mengi ya tumbo siyo kongosho, vidonda vipo, minyoo ipo. Tunazungumzia mtu mwenye maumivu yanayokwenda mgongoni, anayekonda, mwenye choo cha mafuta au sukari asiyoielewa akiwa kijana, na ambaye dozi ya vidonda imeshindwa. Siyo umati huo.

Tunachotaka ni hiki. Mtu wa namna hiyo dozi ya vidonda ikishindwa mara moja, isirudiwe mara ya pili kabla hajapimwa sukari, ambayo ni tone la damu na dakika moja. Kisha ultrasaundi akiwa hajala, na eksirei moja ya tumbo, kwenye hospitali ya wilaya ambako magari yenu yanakwenda kila wiki hata hivyo. Mawe au mfereji uliotanuka ukionekana, CT iende moja kwa moja bila kusubiri kikao, kwa fungu dogo la picha lililotengwa pembeni na fungu la matibabu ya gharama kubwa. Na zote mbili zikiwa safi lakini dalili bado zipo, mganga awe na haki ya kuandika "sijatosheka" na karatasi hiyo iheshimiwe. Wapimaji wa mimba wapelekwe wiki chache kujifunza tumbo la juu. Wengine ni vijana wenzetu wa posho ndogo, wana akili, wanatamani kujifunza.

Kwenu vijana: ukienda kliniki usiseme "tumbo linauma" ukanyamaza. Sema linaumia wapi, linakwenda wapi, ukila inakuwaje, choo kikoje, usiku unaamka mara ngapi, umepungua kilo ngapi tangu lini. Omba yaandikwe. Picha yoyote uliyopigwa, hata ya zamani, hata kule ulikotoka, itunze pamoja na kadi ya mgao, na piga nakala kwa simu, maana mafaili yanapotea kila shirika linapobadilika. Ukiambiwa ni kawaida, uliza kipimo gani kimesema hivyo.

Na kwenu wa mashirika, mkutano wa afya wa kambi unakuja na wawakilishi wetu watakuwepo. Watauliza mambo mawili tu: kituo chenu kiliomba eksirei ngapi za tumbo mwaka uliopita, na mashine ya ultrasaundi ilitumika mara ngapi kwa kitu kisicho mimba. Njooni na namba.